Juzuu Iliyobaki

Saa kumi na dakika ishirini za alasiri injini ya pampu ilizimika yenyewe, na katika kimya kilichofuata nikasikia wanaume wawili wakigawana maneno nyuma ya ukuta. Mmoja alisoma Kiarabu kwa sauti ya kupanda na kushuka, maneno machache, akanyamaza. Wa pili akasema Kisomali kwa sauti ya kawaida kabisa, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Alipomaliza, wa kwanza akaendelea pale alipoachia. Nilikuwa na kazi ya kutoa hewa iliyoingia kwenye bomba la mafuta, kazi ndogo, lakini siku hiyo sikuiharakisha.

Ilikuwa wiki yangu ya kwanza Garissa. Uhuru ulikuwa mchanga, na vita vya kutaka kujitenga vilikuwa vimekwisha kuanza. Serikali iliwaita wapiganaji mashifta. Wenyeji walikuwa na neno lao, ambalo halikutamkwa mbele ya mtu aliyetoka Kenya, kama walivyosema wao wakimaanisha ng'ambo ya mto. Idara ya maji ilinileta na cheti cha darasa la nane, sanduku la spana na Biblia ya Kiswahili. Kituo changu kilikuwa banda la mabati lenye injini ya dizeli na tangi, na nyuma yake, hatua chache tu, palikuwa na msikiti mdogo wa udongo.

Yule wa pili, mwenye kueleza, ndiye ninayemwandika. Jina lake nililijua baadaye, lakini sikumsikia mtu akilitumia. Wote walimwita Maalimu, na mimi nitamwita hivyo. Alikuwa mrefu na mwembamba, ndevu zimepakwa hina, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Alivaa viatu vya mpira wa gari na alitembea akitazama chini, si kwa unyenyekevu bali kwa sababu aliwahi kuchomwa na mwiba mguu ukavimba mwezi mzima, na tangu hapo hakuuamini mchanga.

Alikuja mwenyewe siku ya pili. Alisimama mlangoni, akaitazama injini kama mtu anavyomtazama mbuzi wa jirani.

"Fundi, mashine yako ina adabu?"

"Adabu gani, mzee?"

"Ya kunyamaza mtu akisoma."

Nilimweleza kwamba tangi lazima lijae kabla ya saa kumi na mbili, kwa sababu baada ya hapo amri haikuruhusu mtu kuonekana nje. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi anza mabema," alisema, kwa ulimi wa Kisomali ambao p huitamka b. "Saa kumi ibumzishe kidogo, tukimaliza washa tena. Hata ngamia nabumzika."

Nikahesabu lita na saa, nikaona inawezekana. Kuanzia siku hiyo nilikuwa nikizima injini saa kumi, nakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mlangoni, na kusikiliza lugha mbili nisizozijua.

Kazi yao ilikuwa tafsiri ya Kurani. Hili neno nilikuwa nalo tayari, nililipata katika Biblia yangu, kwenye habari za Yusufu na Danieli na wafalme walioota ndoto. Kwangu mimi lilikuwa neno la gerezani na la ikulu: mtu ameona kitu cha kutisha na hakuna anayeweza kumwambia ni nini. Ofisini nililisikia kwa maana nyingine, ya kugeuza Kisomali kuwa Kiswahili mbele ya hakimu. Sikujua kwamba katika mji ule lilikuwa pia jina la saa moja ya kila siku, baina ya sala ya alasiri na giza.

Nilipomzoea nilimuuliza limetoka wapi. Nilikuwa mtu wa kujifundisha mwenyewe, nikikutana na neno nataka kujua limezaliwa wapi kama wengine wanavyotaka kujua bei. Maalimu alifurahi. Alisema wenye lugha wanalirudisha kwenye kitendo cha kufunua, kutoa kifuniko ili kilichomo kionekane. Wengine wanasema ni ndugu wa neno la mwanamke anayeondoa shela usoni, au la asubuhi inapopambazuka. Hapo aliinua kidole kimoja. "Hii ni kauli ya wengine. Mimi sina hakika." Kisha akaniambia ile aliyoipenda kuliko zote.

"Tabibu ya zamani alitia maji ya mgonjwa kwa chuba ya kioo, akaishika juani, akaitazama. Rangi yake, uchafu wake. Hiyo maji ilikuwa na jina. Hiyo jina inatoka bamoja na kazi yangu."

"Maji gani ya mgonjwa?" niliuliza.

Msomaji, yule mwenye sauti, alikuwa amelala chali kivulini. Alicheka bila kufumbua macho. "Mkojo, fundi. Abti yangu amesoma miaka ishirini, leo anakwambia kazi yake ni kutazama mkojo."

"Ndiyo," alisema Maalimu, hakukasirika. "Tabibu hakutia ugonjwa ndani ya chuba. Hatoi ugonjwa. Anasema tu kile naona. Akisema zaidi ni mwongo."

Ubavuni mwa tangi langu palikuwa na kibomba cha kioo cha kuonyesha maji yamefika wapi. Nilimpeleka nikamwonyesha. Alikitazama kwa muda mrefu sana, akakigusa, akasema nikisafishe, kina ukungu.

Kulikuwa pia na neno taawili, ambalo nililikuta mwaka mwingine katika kamusi na kumpelekea kama mtu anayepeleka samaki aliyemvua mwenyewe. Alilijua, bila shaka. Alisema tafsiri inafunua na taawili inarudisha, inalichukua neno na kulipeleka nyumbani kwake kwa mwanzo kabisa, na kwamba yeye njia hiyo haipiti isipokuwa akishikwa mkono na wakubwa waliomtangulia. "Njia ya kurudi nyumbani ina fisi wengi," alisema, kisha akaniomba sukari.

Sukari ilikuwa udhaifu wake. Aliweza kueleza saa nzima habari za kutoa sadaka na za wanaozuia, akarudi nyumbani akaficha kopo la sukari nyuma ya magunia ili mgeni anywe chai chungu. Aliwakemea vijana kwa papara, na mbuzi alipokula pembe ya mkeka wake alimkimbiza mpaka sokoni huku viatu vimemtoka. Redio aliichukia. Alisema ni kinywa ambacho mwenyewe hayupo kujibu. Lakini jioni, kabla ya saa ya amri, alikuja kwangu kusikiliza habari za Kisomali kutoka nje ya nchi, akaketi ameipa redio mgongo, ionekane kama amekuja kwa jambo jingine.

Na alikuwa mwizi katika shax. Huo ni mchezo wa mistari mchangani, mmoja ana mawe na mwingine vijiti, na anayepanga vitatu mstari mmoja hula kimoja cha mwenzake. Mtu huyu ambaye hakuweza kulisogeza neno moja la Mungu upana wa unywele, alisogeza mawe yake mara tu mwenzake alipogeuka kutema mate.

"Abti," Msomaji angesema, "hiyo jiwe imetembea beke yake?"

"Ubebo."

"Ubebo ya Garissa! Nachagua jiwe ya Maalimu tu, fijiti yangu inaacha!"

Msomaji alikuwa mchungaji. Hakuwa mtoto wa dada wa Maalimu hasa, lakini alimwita abti, mjomba, na Maalimu alimjibu kwa jina hilohilo, kama ilivyo kwao. Alikuwa na ngamia zake nje ya mji upande wa mashariki, na kila siku ya darsa aliwaachia ndugu zake akatembea kuja kusoma. Alikuwa na kifua kipana na kovu kwenye kidevu, na nje ya darsa alikuwa mtu wa mzaha na kelele. Alipoketi kwenye mkeka upande wa kushoto wa Maalimu na kusema yale maneno ya kujikinga na shetani, mwili wake wote ulitulia. Walikuwa wameanza pamoja tangu mwanzo wa Kitabu, kabla sijafika, aya kwa aya, na desturi yao ilikuwa kwamba waliouanza msafara wa namna hiyo wawili huumaliza wawili.

Kugawana huko, mmoja asome na mwingine aeleze, kuko katika misikiti mingi. Lakini Maalimu alikuwa ameligeuza jambo hilo kuwa sharti lake. Nilimuuliza kwa nini hasomi mwenyewe, kwa vile Kurani yote ilikuwa kichwani mwake.

"Kinywa moja ikisoma na ikieleza," alisema, "mtu ya nyuma atajua wabi maneno ya Mungu imeisha na yangu imeanza?"

Alilipeleka sharti hilo hata mahali pasipohusika. Mama mmoja alimletea chupa ya dawa kutoka zahanati ili amwambie inanywewaje. Maalimu alisoma Kiswahili bila shida, lakini alinipa mimi. "Soma, fundi." Nikasoma: vijiko viwili, mara tatu kwa siku, baada ya chakula. Akamweleza yule mama kwa Kisomali, polepole, akionyesha kijiko, akionyesha jua lilipo. Kisha akaongeza jambo na yule mama akainamisha kichwa. Nilimuuliza ameongeza nini.

"Nimemwambia maandiko haikusema mtu asiye na chakula afanye nini."

Hiyo ilikuwa kawaida yake ya pili, kumaliza kwa kusema lile ambalo neno halikulisema. Na ya tatu ilikuwa mikono. Akitaja rai ya mtu mwingine aliinua kidole, nawe ukajua kwamba mzigo si wake. Akifika kwenye maana ambayo yeye mwenyewe alisimama nayo, aliweka kiganja chake chote juu ya mkeka, akasema Mungu ndiye ajuaye zaidi. Wasikilizaji wake walisubiri kiganja. Wazee waliokuwa wakisinzia waliamka. Niliwahi kumsikia muuza maziwa akimaliza ugomvi sokoni kwa kusema, "Maalimu aliweka mkono."

Kisomali changu kilikua kidogokidogo kwenye ile ndoo. Wenzangu wa kutoka bara walinicheka. Tulikuwa wachache, makarani, walimu, askari, tukiishi katika nyumba za serikali zenye taa, na jioni walikutana kantini kunywa na kuhesabu miezi iliyobaki.

"Padri wa Wasomali amefika!" wangesema nikiingia. "Leo umefundishwa nini? Umekwisha kupewa ngamia?"

Baada ya muda nikaacha kwenda. Saa kumi na mbili nilifunga banda, nikapika, nikasoma kamusi mpaka mafuta ya taa yapungue. Kwa upande wa pili, hakuna nyumba ya Kisomali iliyonikaribisha kula isipokuwa ya Maalimu, na hata huko sahani yangu iliwekwa kando. Wakati fulani lori lilipigwa risasi kwenye njia ya kaskazini, na kwa majuma kadhaa hata salamu zilikauka. Maalimu peke yake aliendelea kupita asubuhi na kuuliza, "Nabad?" Nami nikamjibu, "Nabad." Amani? Amani. Tuliambiana neno hilo huku magari ya jeshi yakipita nyuma yetu.

Katika mwaka wa tatu wa vita walifika mwisho wa juzuu ya ishirini na tisa. Ikabaki moja tu kati ya thelathini. Na hiyo ya mwisho ndiyo nyepesi kuliko zote, sura fupifupi ambazo kila mtoto wa chuo anazijua kwa moyo. Walipanga kuzieleza katika mwezi wa Ramadhani na kumaliza siku chache kabla ya Idi. Msomaji alikwisha kuchagua ngamia dume mchanga wa kuchinjwa siku ya kukhitimu, na habari zilikuwa zimepelekwa mbali. Mfanyabiashara mmoja wa Banissa aliapa atakuja. Sikuwahi kumwona Maalimu akitaka kitu kwa ajili yake mwenyewe, ukiondoa sukari, lakini hicho alikitaka. Alisema walimu wake wawili walikufa njiani, mmoja katikati ya Kitabu na mmoja karibu na mwisho.

Kabla ya mwezi kuandama ikaja amri ya manyata. Watu wote waliokuwa wakikaa nje na mifugo yao walitakiwa kuingia katika vijiji vilivyozungushiwa seng'enge. Atakayeonekana nje baada ya siku iliyowekwa angehesabiwa adui. Baraza liliitwa. Mkalimani wa ofisi alikuwa amelazwa kwa homa, na ofisa wa tarafa, kijana mpole aliyekuwa ametoka chuo juzi, aliambiwa kwamba katika mji huu kuna mzee ambaye kazi yake ni kueleza.

Maalimu alikuja kwangu kabla ya kukubali. Hakuwa na kawaida ya kuomba ushauri na hata siku hiyo hakuuomba, alizungumza tu huku akitazama injini.

"Nikikataa ataweka askari mwenye Kisomali ya kuokota. Watu watasikia nusu. Nusu inaua mtu."

"Basi kubali," nilisema.

"Nitakubali."

Niliacha injini ikiwa imezimwa nikaenda. Watu walijaa uwanja wote, wachungaji wamesimama kwa mguu mmoja na fimbo, wanawake nyuma. Ofisa alisimama mezani. Maalimu alipewa kiti akakikataa. Akaomba mkeka, akaketi, akaiweka miwani sawa, akamwomba ofisa asome sentensi moja na kungoja. Akaanza kwa jina la Mungu. Ofisa akasoma, Maalimu akaeleza. Ofisa akasoma, Maalimu akaeleza. Alieleza vizuri kuliko mkalimani yeyote niliyemsikia kabla au baada. Siku gani, mahali gani, nani aandikishwe, mifugo ichungwe wapi na irudishwe saa ngapi. Mwisho alisema kwamba karatasi haikusema nyasi zikiisha itakuwaje. Ofisa alimuuliza amesema nini, naye akamtafsiria, na ofisa akajibu kwamba serikali itaangalia jambo hilo. Hilo nalo Maalimu akalieleza.

Kisha, kwa kuwa maneno yalikuwa yamekwisha, akaweka kiganja juu ya mkeka akasema Mungu ndiye ajuaye zaidi.

Niliona vichwa vikitikisika uwanjani. Sikufahamu maana yake mpaka nilipotoka na kumkuta Msomaji akifungua kamba za ngamia wake wa mizigo. Alikuwa amewapakia tayari tangu asubuhi. Ndugu zake walitaka kushuka kusini upande wa Ijara, ambako mvua ilikuwa imenyesha, na kujaribu bahati yao na askari njiani. Sasa alikuwa akiipakua mikeka na vibuyu.

"Hamwendi?" nilimuuliza.

"Maalimu ameweka mkono," alisema. "Tunaingia."

Hakuwa yeye peke yake. Watu waliokuwa tayari kuondoka waliingia ndani ya seng'enge na wanyama wao wote, wakiamini kwamba mtu yule amelipima jambo na kulisimamia. Wangemwona amesimama kando ya meza, na karatasi mkononi, wangejua ni serikali inayosema. Lakini walimwona alivyoketi kila siku ya maisha yao, wakasikia alivyoanza na alivyomaliza.

Nyasi za karibu na manyata zilikwisha upesi. Mifugo haikuruhusiwa kwenda mbali, na ilitakiwa kurudi jua likiwa bado juu. Ngamia ni mnyama wa kutembea kutwa nzima akila kidogo hapa na kidogo kule, ukimfunga mahali pamoja anajila mwenyewe. Walianza kufa ndama, kisha majike wenye maziwa. Waliopenya nje kutafuta majani walikamatwa na hawakurudi. Harufu ilifika mpaka kwenye banda langu.

Msomaji alikuja siku moja alasiri. Mkeka ulikuwa umetandikwa na wasikilizaji wameketi, wachache. Alisimama mlangoni mwa msikiti, viatu amevishika mkononi, lakini hakuingia. Niliyasikia yote kutoka kwenye ndoo yangu, na kwa wakati huo nilikuwa nimekwisha kukielewa Kisomali.

"Abti, uliweka mkono."

"Niliweka."

"Kwa kauli ya nani?"

"Ya serikali."

"Hukusema."

"Sikusema," alisema Maalimu. "Mkono ulikwenda wenyewe."

Msomaji alingoja, kama bado kuna aya. Kisha akaviweka viatu chini, akavivaa, akaenda zake. Wasikilizaji walibaki kidogo kwa heshima, wakainuka mmojammoja.

Ramadhani ilipita na juzuu ile haikusomwa. Mtu mmoja mwenye duka alimleta mwanawe, mwenye sauti nzuri, asome badala. Maalimu alimpa chai, safari hii yenye sukari, akamrudisha. "Alianza yeye, atamaliza yeye," alisema. Hakuna aliyejitolea tena. Watu hawakumtukana, hawakumtupia mawe. Walimsalimu na kupita. Waliokuwa na ugomvi sokoni waliumaliza kwa njia nyingine.

Lakini yeye kila siku baada ya alasiri aliutandika mkeka. Aliketi upande wake, upande wa kushoto akauacha wazi, akakaa kimya urefu wa darsa, akaukunja akaenda. Sikuwahi kumsikia hata mara moja akijisomea aya ili apate kuieleza. Nami niliendelea kuzima injini saa kumi. Mkaguzi wa idara aliuliza kwa nini pampu husimama wakati huo, nikamwambia mashine inahitaji kupoa, na alikuwa na haraka ya kuondoka Garissa kiasi kwamba alikubali.

Nilimuuliza mara moja tu kama haoni ameonewa. Alikuwa amekuja kusikiliza redio, ameipa mgongo.

"Hakuna aliyenionea. Nilieleza kila neno," alisema. "Neno moja sikueleza. Ya kwamba mimi si mwenye hiyo maneno. Nilidhani wanaona."

Vita vilipokwisha seng'enge ziliondolewa na mimi nikahamishwa. Nilihudumu katika miji mingine mitano, nikaoa, nikanunua kamusi nyingine kubwa zaidi, na ndani yake nikalikuta lile neno la tabibu na chupa yake, lilivyo sawasawa na alivyosema. Sikuwa na mtu wa kumwonyesha.

Baada ya miaka kumi na zaidi nilitumwa Garissa kufunga pampu mpya. Banda langu halikuwepo, na msikiti ulikuwa umejengwa kwa mawe, na sheikh mwingine kijana. Wakanielekeza mtaa wa Waberi, kwenye chumba cha uani. Maalimu alikuwa ameketi kitandani, macho yamefunikwa na ukungu mweupe. Nilisema, "Nabad," naye akageuza sikio.

"Sema tena."

"Nabad, Maalimu."

"Fundi," alisema. "Mashine iko wabi? Siisikii."

Tulikunywa chai. Sukari aliitia mwenyewe, kwa kupapasa, vijiko vinne kwangu. Aliniambia Msomaji yu hai. Alikuwa Ijara, ana ng'ombe wachache, ngamia hakufuga tena. Miaka yote hiyo hawakuonana. Lakini mwezi uliopita Maalimu aliona kwamba hana muda mrefu, akamtafuta dereva wa lori la sukari anayeshuka huko, akampa shilingi arobaini zilizofungwa katika pembe ya kitambaa. Nauli ya kuja na kurudi, na chai ya njiani. Ujumbe ulikuwa mfupi: imebaki juzuu moja. Dereva alitegemewa leo au kesho.

Sikuwa na haraka. Siku iliyofuata nilimaliza kazi mapema nikaenda kukaa naye. Mwanamke wa nyumba alikuwa amefagia chumba, na mkeka ulikuwa umetandikwa sakafuni.

Dereva aliingia jua likiwa limeanza kuinama, kijana mwenye kofia ya jeshi na vumbi mpaka kwenye kope. Alikuwa peke yake.

"Adeer, nilimpata," alisema, akimwita ami kwa Kisomali, kwa sauti kubwa kama Maalimu ni kiziwi. "Ako mzima. Amezeeka lakini ako mzima."

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu, wallahi. Nilimpa salamu zako zote, ya juzuu na nini. Akachukua kitambaa, akaingia nayo ndani. Nikangoja mpaka turn-boy wangu akaanza kupiga honi. Akatoka, akanirudishia. Basi."

Aliweka kitambaa kwenye mapaja ya mzee. Maalimu alikishika bila kukifungua.

"Hakuja."

"Hakuja, adeer. Lakini besa yako yote iko hapo, mimi sikugusa. Hesabu."

"Mimi sioni. Hesabu, fundi."

Nilifungua fundo. Noti zilikuwa zimekunjwa pamoja, laini kama ngozi. Nilizihesabu kitandani, mbele ya dereva, moja baada ya nyingine. Nikazihesabu tena.

"Ngapi?" aliuliza Maalimu.

"Si arobaini," nilisema. "Kuna noti ya shilingi kumi zaidi."

Dereva aliinama kutazama, akacheka. "Amekosea huyo. Au alichanganya na besa yake."

"Mchungaji hakosei kuhesabu," alisema Maalimu.

"Sasa maana yake nini?" dereva akauliza. "Wewe si ndiye mwalimu wa tafsiri? Hebu tufasirie."

Maalimu alifungua kinywa, nami nikajikuta nimeinama mbele kumsikiliza, kama zamani. Akakifumba, kama siku zile za mkeka usio na msomaji. Alipapasa kitandani mpaka akazipata noti, akazipanga kwa vidole, ile iliyozidi pamoja na zilizotangulia, akanirudishia kitambaa nimfungie. Nikalikaza fundo nikamwekea mkononi: shilingi hamsini.